Figo si chujio tu

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kazi ya figo, jibu lake huwa tayari kabla swali halijakwisha: figo huchuja damu na kuondoa uchafu. Jibu hilo hupata alama katika mtihani, na kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi wote wawili huridhika nalo. Hata hivyo ni jibu la nusu. Linasema kweli kuhusu hatua ya kwanza ya kazi ya figo, na kunyamaza kabisa kuhusu hatua mbili zinazofuata. Hoja ya makala haya ni kwamba nusu iliyoachwa ndiyo ile ambayo mwananchi huihitaji siku anapopewa majibu ya kipimo cha mkojo wake au wa mzazi wake, na kwamba shule zetu hazina udhuru wa kuendelea kuiacha.

KIFUMBU NA FIGO

Mwanafunzi anaposikia neno chujio, hukumbuka vyombo vya nyumbani. Nazi iliyokunwa hutiwa katika kifumbu na kukamuliwa. Tui hupita, chicha hubaki. Chai hupita katika chujio lake, majani hubaki. Katika vyombo hivi vyote kinachotakiwa na kisichotakiwa hutenganishwa papo hapo, kwa tendo moja. Kijana akiibeba picha hiyo mpaka ndani ya mwili, hudhani kwamba damu safi hupita upande mmoja wa figo na uchafu hubaki upande wa pili.

Mambo hayako hivyo. Figo moja ya mtu mzima ina uzito wa gramu 150 hivi, na ndani yake mna nefroni zipatazo milioni moja, ingawa idadi hiyo hutofautiana sana baina ya mtu na mtu. Kila nefroni huanza na kifundo cha kapilari kilichokaa ndani ya kikombe kidogo kiitwacho kikombe cha Bowman. Kutoka katika kikombe hicho hutoka mrija mwembamba ambao hupindapinda, hushuka kuelekea kitovu cha figo, hupanda tena, na mwishowe huungana na mirija mingine kupeleka mkojo kwenye kibofu. Moyo huzipelekea figo zote mbili zaidi kidogo ya lita moja ya damu kila dakika, yaani karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa. Shinikizo la damu hiyo ndilo linalosukuma maji yapenye kuta za kapilari na kuingia kikombeni.

Sasa, ni nini kinachopita na ni nini kinachobaki? Chembe za damu na protini kubwa hubaki, nazo si uchafu hata kidogo. Urea hupita, lakini pamoja nayo hupita glukosi, chumvi, amino asidi, vitamini na maji yenyewe. Ukuta wa kapilari hauchagui kati ya kizuri na kibaya. Hutazama zaidi ukubwa wa molekuli, na kwa kiasi fulani chaji yake ya umeme, basi. Kwa hiyo kitu kinachoingia katika kikombe cha Bowman si takamwili, bali ni plazima ya damu iliyopungukiwa protini.

HESABU YA NDOO TISA

Ukubwa wa jambo hili hauonekani mpaka hesabu ifanywe, na hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja mililita 125 hivi kwa dakika. Zidisha kwa dakika 60, kisha kwa saa 24: jibu ni lita 180 kwa siku. Hizo ni ndoo 9 za lita 20. Plazima yote iliyomo mwilini mwa mtu huyo ni lita 3 tu, au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba huchujwa yote mara 60 hivi kila siku. Ndani ya ndoo hizo 9 mna karibu kilo moja na nusu ya chumvi, na gramu zipatazo 180 za glukosi.

Laiti figo ingekuwa chujio tu, mtu angeikojoa plazima yake yote kwa muda wa dakika 24. Kipindi cha biolojia kisingemalizika mwanafunzi akiwa hai.

Lakini mkojo wa siku nzima ni lita moja na nusu hivi. Lita 178 na nusu, yaani zaidi ya asilimia 99, zimerudishwa katika damu. Chumvi nayo imerudishwa isipokuwa gramu chache, na glukosi imerudishwa karibu yote. Hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya figo, nayo haifanani na kazi ya kifumbu. Yafanana zaidi na kazi ya mtunza ghala ambaye, badala ya kumtafuta kila mdudu gizani, hutoa magunia yote nje kisha huyarudisha yale tu anayoyatambua.

Njia hiyo yaweza kuonekana ya hasara, ilhali ina hekima yake. Figo haihitaji kuitambua kila sumu duniani. Kitu kigeni ambacho binadamu hakukijua kabla ya leo hutolewa nje pamoja na vyote vilivyo vidogo, na madhali hakuna protini ya kukipokea mlangoni, aghalabu hubaki nje.

KUREJESHA NA KUTOA

Karibu theluthi mbili ya maji na chumvi hurejeshwa katika sehemu ya kwanza ya mrija, na glukosi na amino asidi karibu zote humalizikia hapo hapo. Seli za ukuta wa mrija zina protini za kubeba; kila moja hupokea kitu cha namna yake na kukivusha. Sodiamu husukumwa nje ya mrija kwa nguvu, na maji hufuata. Katika kitanzi cha Henle chumvi hulimbikizwa katika sehemu ya ndani ya figo. Kisha mirija ya mwisho hupita katikati ya chumvi hiyo, na homoni itokayo katika tezi ya pituitari huamua maji mangapi yavutwe. Ndiyo sababu mkulima aliyeshinda juani Dodoma hupata mkojo mchache na mzito, na aliyekunywa madafu mawili hupata mwingi na mweupe.

Hatua ya tatu ni kutoa. Baadhi ya vitu havingoji kuchujwa. Seli za mrija huvichukua moja kwa moja kutoka katika damu na kuvitia katika mkojo. Penisilini ni mojawapo. Mwaka 1941, dawa hiyo ilipojaribiwa Oxford kwa wagonjwa wa mwanzo, ilikuwa adimu mno na ilitoka mwilini upesi mno, hata ikabidi mkojo wa mgonjwa ukusanywe ili dawa itolewe humo na kutumiwa tena.

Kazi hizi mbili za mwisho zina gharama. Nguvu ya kuchuja hutoka moyoni, lakini nguvu ya kurejesha hulipwa na figo zenyewe. Uzito wake haufiki hata asilimia 1 ya uzito wa mwili, ila hutumia asilimia 7 hadi 10 ya oksijeni ya mwili uliopumzika. Chujio la chai halitumii chochote.

Wataalamu wenyewe hawakuyafikia maarifa haya kwa siku moja. Mwaka 1842 William Bowman wa London alionyesha jinsi kikombe kinavyoungana na mrija, akadhani kwamba kifundo hutoa maji tu na mrija ndio uongezao taka. Mwaka huo huo Carl Ludwig, huko Marburg Ujerumani, alitoa rai kwamba kifundo huchuja vitu vyote vidogo, na mrija hurudisha maji. Ubishi uliofuata ulidumu miaka zaidi ya 80. Mwaka 1924 Joseph Wearn na Alfred Richards, huko Philadelphia, walichoma sindano ya kioo nyembamba kupita kiasi katika kikombe kimoja cha figo ya chura, wakavuta tone la maji yaliyomo. Tone hilo lilikuwa na glukosi, ilhali mkojo uliokuwa kibofuni haukuwa nayo. Glukosi ilikuwa imeingia mrijani, ikarudishwa njiani. Yafaa wanafunzi wasimuliwe kisa hiki, maana kinawafunza kwamba sayansi huamua ubishi kwa kupima, si kwa ukubwa wa jina la msemaji.

MAARIFA HAYA YANAMFAA NANI?

Hapana shaka mtu atauliza: je, si jambo la wataalamu tu? Na tuchukue kipimo cha mkojo, kinachofanywa kwa kijiti cha karatasi hata katika zahanati. Watu wawili wamepimwa. Mmoja ameonekana ana protini katika mkojo, wa pili ana sukari. Mwenye picha ya kifumbu atasema kwamba wote wawili wana tundu katika chujio. Amekosea kwa mmoja wao. Protini ikionekana mara kwa mara katika mkojo, yaelekea ukuta wa kapilari umeharibika, na protini iliyopaswa kubaki imepita; hapo ni chujio lenyewe linalolalamika. Sukari ni habari nyingine. Hupita kila siku kwa kila mtu. Ikionekana katika mkojo, kwa kawaida maana yake ni kwamba sukari ya damu imepanda, takriban juu ya milimoli 10 kwa lita, na protini za kubeba zimezidiwa na mzigo. Figo yaweza kuwa nzima; kinachotakiwa kuchunguzwa ni ugonjwa wa kisukari. Kuanzia miaka ya 2010 kumekuwa na dawa za kisukari zinazozuia kwa makusudi urejeshaji huo wa glukosi, na imethibitika kwamba huzikinga figo zisizidi kudhoofika. Mtu asiyejua kwamba kuna kurejesha hawezi kuelewa dawa hizo hufanya nini.

Jambo la pili ni sumu. Dawa au sumu iliyoyeyuka katika lita 180, ikiwa haikurejeshwa, hubaki katika lita moja na nusu. Ukali wake ndani ya mrija umeongezeka mara 120. Ndiyo sababu figo huumizwa na vitu ambavyo viungo vingine huvistahimili. Zebaki wanayoitumia wachimbaji wadogo wa dhahabu huharibu seli za mirija. Huko Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliomeza vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa jamii ya Aristolochia waliharibikiwa na figo. Kwa hiyo dawa kuwa ya miti shamba si hoja ya kuwa ni salama. Hata dawa za kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kwa urahisi, huweza kupunguza damu inayoingia katika vifundo, hasa kwa mtu aliyepungukiwa na maji kwa kuhara au kutapika.

Jambo la tatu ni zito kuliko yote. Nefroni za mtu hukamilika kabla hajazaliwa, na baada ya hapo haiongezeki hata moja. Shinikizo la damu na kisukari, ambayo ni vyanzo vikuu vya ugonjwa sugu wa figo duniani, huziua polepole kwa miaka mingi. Zilizobaki hunenepa na kubeba kazi ya zilizokufa, na mtu hujiona mzima. Ziada iliyopo ni kubwa, na kwa sababu hiyo mtu aliyemtolea ndugu yake figo moja huweza kuishi vyema na figo iliyobaki. Lakini ziada hiyo ndiyo inayoficha ugonjwa. Figo inayoharibika namna hii kwa kawaida haiumi. Kreatinini katika damu yaweza isivuke mpaka wa kawaida hata utendaji wa figo ukiwa umepungua kwa karibu nusu. Uchovu, kichefuchefu na kuvimba miguu huja wakati ambapo kilichobaki ni kidogo. Mtu aliyefundishwa kwamba figo ni chujio hungoja aone dalili za chujio lililoziba, yaani akose mkojo. Wengi hawakosi; huendelea kukojoa huku damu ikizidi kuchafuka.

MASHINE ILIYO CHUJIO KWELI

Chujio la kweli la damu lipo, nalo latufundisha tofauti. Mwaka 1943, Willem Kolff alitengeneza mashine ya kusafisha damu katika mji wa Kampen, Uholanzi, nchi hiyo ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Alitumia mirija ya selofeni ya kufungia soseji. Mgonjwa wa kwanza aliyeokolewa nayo alipona mwaka 1945. Mashine za leo ni bora mno kuliko ile, lakini kazi yake ingali ile ile: kuzipitisha taka katika utando. Mgonjwa huunganishwa nayo kwa saa 4 hivi, aghalabu mara 3 kwa wiki. Baina ya siku hizo hana budi kupima maji anayokunywa na kujihadhari na ndizi, kwa kuwa potasiamu iliyozidi huweza kuusimamisha moyo. Mara nyingi huhitaji kuchomwa homoni ya kuhimiza utengenezaji wa chembe nyekundu, kwa sababu homoni hiyo hutengenezwa na figo, na mashine haiwezi kuitengeneza.

Dawa iliyo bora zaidi ni kupandikiza figo ya mtu mwingine. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu kwa muda mrefu ulifanywa Boston mwaka 1954 baina ya mapacha wa kufanana. Tanzania ilifanya wa kwanza nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Novemba 2017. Ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo hakuna taifa linaloweza kuzipandikiza figo kwa wingi sawa na zinavyoharibika, na gharama ya mashine huimaliza mali ya familia kabla haijammaliza mgonjwa. Kijiti cha kupimia mkojo na mashine ya kupimia shinikizo la damu ni rahisi mno kuliko hayo yote, ila hutumiwa tu na mtu anayejua kwa nini apimwe hali haumwi.

UDHURU WA WALIMU NA JIBU LAKE

Walimu wana malalamiko ya haki. Muhtasari ni mrefu, vipindi ni vichache, maabara nyingi hazina vifaa, na mtihani huuliza majina ya sehemu zilizochorwa. Tena, wanaongeza, neno chujio si uongo; ni mwanzo mzuri kwa mtoto wa shule ya msingi. Hoja hii ya mwisho ni ya kweli, na hakuna anayetaka neno hilo lifutwe. Linalotakiwa ni kwamba lisiwe mwanzo na mwisho. Ama kuhusu vifaa, hesabu ya ndoo 9 huhitaji chaki na ubao, na ndoo zenyewe zipo shuleni.

Upo pia ugumu wa lugha. Mwanafunzi wa Tanzania hujifunza somo hili kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha huambiwa alianze upya kwa Kiingereza katika sekondari. Matokeo yake ni kijana anayeweza kuandika majina marefu chini ya mchoro, lakini bibi yake akirudi kutoka zahanati na karatasi yenye neno protini, hana la kumweleza. Maneno matatu ya Kiswahili yanatosha kumtoa katika hali hiyo: kuchuja, kurejesha, kutoa. Mwalimu akiyaandika ubaoni kwa mpangilio huo, na kila kitu kilichomo katika damu kikapitishwa katika maneno hayo matatu mmoja baada ya mwingine, mchoro wa nefroni utapata uhai.

Watunga mitihani nao wana sehemu yao. Badala ya kuuliza tena jina la sehemu iliyowekewa herufi B, waulize kwa nini mvuvi aliyepotea baharini huzidi kukaukiwa akinywa maji ya bahari. Mwanafunzi aliyeelewa atajibu kwamba figo za binadamu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kama ya bahari, kwa hiyo ili kuitoa chumvi aliyoinywa mvuvi hulazimika kupoteza maji mengi kuliko aliyoyapata. Waulize pia kwa nini kichocho, ambacho hujeruhi kibofu na mirija inayotoka katika figo, huweza kuziua figo zenyewe. Jibu ni kwamba mkojo uliozuiwa hurudisha shinikizo nyuma mpaka kikombeni, na kupingana na shinikizo la kuchuja. Maswali haya yanaweza kujibiwa na mtoto wa Pemba au wa Kanda ya Ziwa kwa mambo anayoyaona kwao, ambako kijana akikojoa damu huenda wenzake wakaliona jambo la kawaida.

Kila shule ya sekondari inaweza kuanza muhula ujao. Kipindi kimoja kitumike kwa hesabu ya ndoo, kimoja kwa kisa cha chura wa Philadelphia, na kimoja kwa kusoma majibu ya kipimo cha mkojo, yaliyotungwa na mwalimu mwenyewe bila jina la mtu. Baada ya vipindi hivyo vitatu mwanafunzi apewe kazi ya nyumbani: awaulize wazazi wake walipimwa lini mara ya mwisho shinikizo la damu na mkojo, na awaeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini wasingoje kuumwa.